Miguu ya Mbu wa Ndabibi

Watoto wangu wanasema wana mama wa ajabu, kwa sababu siwezi kuua mbu kabla sijamtazama. Mbu akitua kwenye ukuta wa sebule yetu hapa Nakuru, wao wanatafuta slipa, mimi natafuta miwani. Nataka kwanza kujua ametuaje. Akiwa wa kahawia na amelaza mwili sambamba na ukuta, huyo ni wa mitaro ya maji machafu. Akiinua makalio juu na kuinamisha kichwa kana kwamba anataka kutoboa ukuta, huyo ni wa jamii inayoeneza malaria. Akiwa mweusi mwenye bangili nyeupe miguuni, amezaliwa kwenye ndoo au tairi la mtu asiyejali. "Mathe, si uue hiyo kitu!" kijana wangu hupiga kelele. Namwambia angoje kidogo. Kabla sijamaliza kuhesabu bangili, mbu ameshaenda zake, na lawama zote zinaniangukia mimi.

Ugonjwa huu niliambukizwa na mzee mmoja, kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi za mifugo, miaka ile maji ya maziwa ya Nakuru na Naivasha yalipoanza kupanda na kumeza nyua za watu. Chumba chenyewe kilinuka vidonge vya nondo na chai iliyosahauliwa. Kulikuwa na meza ndefu, hadubini mbili, friza iliyokuwa ikikohoa mchana kutwa, na kabati la trei za mbu, kila mmoja amechomwa kwa pini na kuwekewa karatasi ndogo chini yake. Nikipita barabara ile leo na kunusa vidonge hivyo kwenye sweta ya mtu, moyo unaruka. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa na furaha. Nilifikiri nina kazi tu.

Mimi ni mtu wa juu, Sachangwan, kwenye baridi na viazi. Kwetu mbu tulimsoma kitabuni. Pale ofisini niliajiriwa kupiga deki na kupika chai, na ningekuwa napika mpaka leo kama siku moja sikuufungua mdomo wangu. Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe, nikaona mbu wawili ukutani, nikasema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba mmoja amesimama vibaya.

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Babu yake aliletwa kutoka magharibi kulaza mataruma ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba za reli. Alikuwa amechagua mbu kwa maisha yake yote, kama vile mama anavyochagua maharagwe kabla ya kuyachemsha.

"Umesema imesimama aje?"

"Imesimama na kichwa."

"Na ile ingine?"

"Hiyo imelala tu."

"Nani amekuambia uangalie?"

"Hakuna mtu. Si iko tu hapo kwa ukuta."

Akatoka na kwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa ofisi. Nilidhani ameenda kunishtaki. Baadaye katibu muhtasi aliniambia maneno aliyosema: "Huyu ana macho. Tafuteni mtu mwingine wa chai."

Siku ya kwanza ya kazi mpya alinipa kalamu iliyokwisha wino, yenye kijiti cha kuchokolea meno kilichochomekwa mahali pa ncha. Akasema, "Sasa toa ukope moja."

Mimi ni mtoto wa kanisa. Nilirudi nyuma hatua mbili na kumuuliza huo ukope wangu ni wa nini. Alicheka mpaka akakohoa. Akanionyesha kalamu yake mwenyewe: kwenye ncha ya kijiti alikuwa amegundisha ukope wake mmoja kwa tone la rangi ya kucha, ile inayong'aa bila kuonekana. Mguu wa mbu, alinieleza, ukiguswa na pini unakatika. Ukiguswa na kibano unakatika. Lakini ukope unausukuma taratibu, unaugeuza, unaunyoosha, na mbu anabaki mzima. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba kile aliingia kwa kung'oa ukope. Nikauma meno, nikang'oa wangu. Machozi yalinitoka, na yeye akasema hiyo ndiyo karo.

Alinifundisha kwa namna moja tu, na namna hiyo iliniudhi kupita kiasi. Aliweka mbu chini ya lenzi na kusema, "Usiniambie jina yake. Niambie unaona nini." Jina nilikuwa nalijua! Lilikuwa hapa kwenye ulimi! Lakini nilipolitaja alikuwa akimwondoa mbu na kurudi kwenye chai yake. Basi nikajifunza kusema. Naona manyoya mengi usoni kama ndevu, kwa hivyo ni dume. Naona vijiti viwili kando ya mrija wa kunyonyea, na virefu sawa na mrija wenyewe. Naona mabawa yenye madoa meusi na meupe. Naona mabawa kama yamenyunyiziwa chumvi na pilipili manga, kwa hivyo ametoka ziwani, kwenye magugu ya maji. Naona miguu ya nyuma, na hapo ndipo alipokuwa akisogea karibu. Miguu ya nyuma ilikuwa kila kitu kwake. Wapi weupe unaanzia, kwenye kifundo au chini yake; je, vidole vyote ni vyeupe au vitatu tu. Mbu wengi wanafanana mwili na mabawa, na ni miguu inayowatenganisha.

Asiyekuwa na miguu aliandikwa "hajulikani". Mzee hakukisia hata siku moja. "Andika chenye umeona. Kama haujaona, andika haujaona."

Nilipoanza kuyajua hayo, nilitumwa nje kukusanya. Dereva wa ofisi alikuwa akikusanya upande wa Kabazi, mimi nikapewa Ndabibi, magharibi mwa ziwa Naivasha, ambako baada ya mvua maji yalituama kwenye malisho na wafugaji walikuwa na wasiwasi na mbu wa mafuriko, wanaoambukiza mifugo homa. Nililala kwa mama mmoja mwenye mbuzi, na alfajiri nilikuwa naenda kwenye zizi na mrija wangu wa kukamatia, wenye kichujio cha neti, nikiwafyonza mbu ukutani mmoja mmoja, taratibu, nikiwapuliza ndani ya vikombe vya karatasi vilivyofungwa kwa neti. Vikombe nilivifunika kwa taulo mbichi. Njiani kurudi niliviweka mapajani kwenye pikapu, na kila tulipopiga shimo niliviinua juu kwa mikono miwili. Sijawahi kubeba mtoto wangu kwa uangalifu ule, na nasema hivyo bila aibu.

Kwa hivyo nieleweni nilivyochemka niliposoma rejista.

Rejista ilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mwisho wa mwezi mkubwa wa ofisi alikuja kuisoma. Mkataba wangu wa kukusanya ulikuwa wa majaribio. Kama ungeandikwa upya au ningerudishwa kwenye birika, hilo lingeamuliwa na yaliyomo humo. Na mbele ya mbu wangu wa Ndabibi, kwa mwandiko wa Mzee, kulikuwa na maneno haya: "Hajulikani. Miguu haipo. Uzembe wa mkusanyaji."

"Mzee, hii miguu ilikuwa," nilimwambia.

"Ilikuwa wapi? Mimi sioni miguu."

"Ilikuwa yote sita!"

"Basi umeiacha kwa barabara."

Wiki iliyofuata iliandikwa tena. Na iliyofuata tena. Dereva naye aliandikwa, lakini dereva alikuwa na ajira ya kudumu na hakujali. Alibeba mbu kama mtu anayebeba viazi. Mimi nilikuwa nalia kwenye choo cha ofisi. Kilichoniuma zaidi si kurudi kwenye birika. Ni kwamba mtu aliyewaambia wote kuwa nina macho ndiye sasa aliyekuwa akiandika, kwa herufi nzuri, kuwa sina mikono.

Safari iliyofuata nilikwenda Ndabibi na lenzi ya mkononi. Kabla ya kufunga kila kikombe nilimtazama kila mbu, nikahesabu miguu. Nilipofika Nakuru nikawatia friza mwenyewe na kumkabidhi Mzee trei kwa mkono wangu. Baada ya saa moja nikasikia kalamu ya wino ikikwaruza kwenye rejista. Nilisimama nyuma yake na kusoma. Uzembe wa mkusanyaji. Nilitoka na kuupiga mlango kwa nguvu hata kioo kikalia, kitu ambacho hakikuwahi kufanywa na mtu yeyote kwenye chumba kile.

Nilirudi wakati yeye ameenda kula. Nilikaa kwenye kiti chake, ambacho pia hakikuwahi kukaliwa na mtu mwingine, nikatazama trei yangu kwenye hadubini yake. Miguu ilikuwepo. Ilikuwa imetapakaa kwenye karatasi, imekatika, mingine imesukumwa pembeni kabisa. Nikachukua kalamu yake ya ukope ili niikusanye, nikaileta ncha chini ya lenzi.

Ukope haukuwepo.

Kilikuwa kijiti kitupu, kimechakaa, kinene kama nguzo ya stima mbele ya wale mbu. Lile tone la rangi ya kucha lilikuwa limebaki, na katikati yake tundu dogo pale ukope ulipong'oka. Mzee alikuwa akiwageuza mbu kwa kijiti hicho siku hizo zote, akiwavunja miguu mwenyewe, kisha akitafuta miguu na kutoiona.

Ndipo mambo mengine yakaja yenyewe. Kwamba aliacha kusoma gazeti, akisema limejaa uongo. Kwamba alikuwa akipapasa meza kabla ya kushika kikombe, na kututambua kwa mlio wa viatu. Kwamba kila alipoandika alisogeza taa karibu zaidi, mpaka karatasi zikaanza kunuka kuungua.

Sitajifanya malaika. Nilinyanyuka na kalamu ile mkononi, nikaenda mpaka mlangoni kwa mkubwa. Alikuwa kwenye simu, akaniashiria ningoje. Nilingoja. Nikajiona nikiweka kijiti juu ya meza yake na kusema, haya, mzembe ni nani? Jina langu lingesafishika pale pale, na Mzee angeondoka kabla ya chai ya saa kumi, mbele ya watu wote, kwa kijiti. Mkubwa akaweka simu chini na kuniuliza, "Sema, madam?" Nikamwambia nilikuwa nataka ruhusa ya kwenda posta.

Nilienda kwa katibu muhtasi nikaazima rangi ya kucha. Nikang'oa ukope. Safari hii sikusikia uchungu, nilikuwa na hasira nyingi mno. Nikaugundisha kwenye kijiti chake, nikaupuliza ukauke, nikairudisha kalamu mahali pake, upande wa kulia, ncha ikielekea dirishani.

Kesho yake miguu ilirudi. Kwa mkono wake mwepesi na taa yake, bado aliweza kuona weupe wa kifundo ikiwa kifundo kipo. Alichagua trei mpya nzima, akaandika majina, hakuandika uzembe. Alipomaliza alinigeukia, akatabasamu na kusema, "Unaona? Umejirekebisha."

Nimewahi kumeza mengi maishani, lakini sijui kama nimewahi kumeza kitu kikubwa kama hicho. Nikamwambia asante.

Mwisho wa mwezi mkubwa alikuja na kuisoma rejista akiwa amesimama. Nilikuwa pale nikiosha vikombe vya mbu. Akageuza kurasa, akaguna. "Mzee, hii uzembe ya Ndabibi imejaa hapa. Huyu madam si turudishe tu kwa chai? Ako na chai poa." Alisema kama mzaha, lakini karatasi ya mkataba ilikuwa mkononi mwake.

Mzee alinyoosha mkono kuelekea rejista. Akasema, "Niachie hiyo kitabu mpaka jioni."

Mkubwa alipotoka, Mzee alifunga mlango. Akachukua kalamu yake, akaiweka chini ya lenzi ya hadubini yangu, akaisogeza ncha kwa kupapasa mpaka akadhani iko sawa. Haikuwa sawa; nikaisogeza mwenyewe.

"Usiniambie jina," akasema. "Niambie unaona nini."

"Mzee, hiyo ni kalamu."

"Unaona nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimefundishwa na yeye, kwenye kiti kile kile. Nikatazama.

"Naona ukope."

"Iko aje?"

"Iko nene hapa chini, inapungua. Imejipinda kuenda juu."

"Rangi?"

Nilizungusha skrubu ya lenzi, ingawa picha ilikuwa safi. Akauliza tena, polepole.

"Nyeusi," nikasema.

"Yangu ilikuwa na mvi," akasema Mzee. "Nilitoa hiyo mwaka mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa, na ilikuwa nyeupe tayari." Akakaa chini. "Nilikuwa nashangaa. Nilisema, huyu msichana amejirekebisha, ni sawa. Lakini hata dereva, mbu yake ilirudisha miguu siku hiyo hiyo. Dereva! Dereva anaweza kujirekebisha?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

"Ulijua lini?"

"Siku nilipiga mlango."

"Na ukanyamaza, na mimi nimekuandika mzembe."

"Ndio."

"Wewe ni mjinga," akasema. Akavua miwani na kuipangusa kwa shati, ingawa sote wawili tulijua haikuwa na vumbi.

Akafungua rejista. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nilishika kidole chake na kukiweka kwenye neno "mkusanyaji", na yeye akalikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "mchunguzi", kisha akatia sahihi. Uzembe wa mchunguzi. Mwandiko wake ulipanda na kushuka, ukavuka mistari. Tukaenda ukurasa baada ya ukurasa hivyo, hata zile za dereva, kidole chake mkononi mwangu, kikavu, chenye baridi kidogo. Nilipofika kwenye safari ile ya mwisho, nilishindwa. Nikafunika daftari na kusema zimeisha.

"Kuna ingine," akasema. "Ile ya kupiga mlango."

Nikafungua tena. Akairekebisha hiyo pia.

Alibeba rejista mwenyewe mpaka kwa mkubwa, akipapasa ukuta wa korido kwa kiwiko ili watu wasione. Hakutaka nimsindikize. Mkataba wangu uliandikwa upya juma lile. Yeye alipewa likizo ya matibabu, na hospitalini walimwambia macho yamechelewa. Hakurudi kazini. Kalamu yake aliiacha juu ya meza, upande wangu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Vijana wanapiga mbu picha kwa simu, na mbu wengine wanapelekwa mbali kwenye mashine zinazosoma damu na nasaba. Sina ugomvi na mashine. Lakini mtu lazima kwanza amnyooshe mbu miguu, na mtu huyo ni mimi, kwenye kiti kile, na kalamu ile. Ukope umebadilishwa mara nyingi. Ule mweusi wa hasira ulianguka zamani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Mzee kule Kabazi, ambako alinunua shamba dogo na kujenga. Tulikaa barazani, mkewe akatuletea chai na viazi vitamu. Haoni tena isipokuwa mwanga. Tulizungumza juu ya friza iliyokuwa ikikohoa, na dereva, na jinsi chumba kilivyonuka, tukacheka mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna nini. Nilimwambia ukweli: kwamba kama ningeweza kurudishiwa siku moja tu, ningechagua siku yoyote ya kawaida mle ndani, hata yenye uzembe.

Akauliza, "Kalamu yangu iko?"

"Iko, Mzee. Ndio natumia."

"Ukope iko aje sasa?"

"Nilibadilisha juzi. Imejipinda kidogo. Ina mvi."

Alicheka kwa sauti, akapiga goti lake. Aliifurahia mvi ile kama mtu aliyepata salamu kutoka nyumbani. Kisha akageuza uso wake upande wangu, upande ambao si hasa nilipokuwa.

"Hiyo mvi," akauliza, "nani mwingine ameiona?"

Ilikuwa imeonwa na macho yangu tu, kama vile rejista ile ilivyoandikwa kwa macho yake tu. Chai ikapoa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kumgusa mbu yeyote, nilimwita mwenzangu mpya, binti aliyetoka chuo mwaka huu. Nikaweka kalamu chini ya lenzi, nikainuka, nikampisha kwenye kiti.

"Usiniambie jina," nikamwambia. "Niambie unaona nini."